Fomu Inayofutika Ukienda Kusoma Meseji

Mtu anafungua akaunti ya kuweka akiba kwa simu yake. Ameshaandika majina yake matatu, namba ya NIDA yenye tarakimu 20, mtaa anaoishi na jina la mrithi wake. Anabonyeza endelea. Programu inamwambia ametumiwa namba ya uthibitisho kwa meseji. Anatoka, anafungua meseji, anaikariri ile namba, anarudi. Fomu iko tupu. Wakati mwingine hata fomu yenyewe haipo: programu imeanza upya kwenye ukurasa wa kukaribisha wageni, kana kwamba haijapata kumwona mtu huyu. Anajaza tena. Yakimkuta mara ya pili anaachana nayo, anapanda bodaboda kwenda kwa wakala.

Malalamiko ya namna hii nimeyasikia kwa miaka mingi, na jibu la msanidi karibu siku zote ni lile lile: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kwake inafanya kazi kweli. Simu yake ina RAM ya GB 8 au 12 na ndani yake hamna mengi. Simu ya mteja ina GB 2, na hizo GB 2 zinagombewa na WhatsApp, Facebook, kibodi, kamera na mfumo wenyewe. Mteja alipokuwa akisoma meseji, mfumo endeshi uliishiwa nafasi, ukatazama nani hatumiki kwa wakati ule, ukaiua programu ya akiba. Programu haikuharibika. Iliuawa kihalali, kwa utaratibu ulioandikwa wazi na unaojulikana tangu Android ilipotoka mwaka 2008. Aliyeitengeneza aliijaribu mahali ambapo utaratibu huo haumgusi.

Ninachotaka kusema katika safu hii ni kwamba skrini ya simu si mali ya programu. Programu huazimwa skrini na mfumo, na mfumo hauombi ruhusa unapoichukua. Msanidi anayelielewa hilo huandika tofauti kuanzia mstari wa kwanza, na asiyelielewa humbebesha mteja gharama.

Utaratibu huu una asili yake. Kwenye kompyuta ya mezani programu hufunguliwa na mtu na hufungwa na mtu. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huhamishia sehemu yake kwenye diski na mambo yanaendelea, ingawa polepole. Simu za kwanza za Android hazikuwa na anasa hiyo. HTC Dream, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, ilikuwa na RAM ya MB 192 tu. Wahandisi waliojenga msingi wa Android, Dianne Hackborn akiwa mmoja wao, walichagua njia ya kijasiri: mtu akitoka kwenye programu, iachwe ikae kwenye kumbukumbu; nafasi ikiisha, zilizoachwa zianze kuuawa; lakini kabla ya hapo kila moja iwe imepewa muda wa kuandika ilipofikia, ili mwenye simu akirudi aikute kama alivyoiacha. Apple ilianza kwa njia nyingine. App Store ilipofunguliwa mwaka huo huo wa 2008, programu ya mtu wa nje ilikufa pale pale mtumiaji alipobonyeza kitufe cha Home, na hali ikabaki hivyo hadi iOS 4 ya mwaka 2010. Kampuni hizi mbili zilikuwa zinajibu swali moja: ufanye nini na programu nyingi wakati kumbukumbu ni ndogo? Jibu la Android lilimpa mtumiaji uhuru zaidi, na likamwachia msanidi deni ambalo wengi hawajalilipa hadi leo.

Tuitazame skrini moja. Katika Android skrini kamili huitwa aktiviti, na mfumo huiarifu kila hali yake inapobadilika. Inapoundwa huitwa onCreate. Hapo ndipo vitufe na visanduku vya kuandikia hupangwa. Inapoanza kuonekana huitwa onStart. Inapokuwa tayari kuguswa, onResume. Kuanzia hapo safari hugeuka: ikipoteza nafasi ya mbele huitwa onPause, isipoonekana tena onStop, na inapovunjwa onDestroy. Mtu akiirudia skrini iliyofichika bila kuvunjwa, onRestart hutangulia onStart.

Majina haya kila kijana anayesaka kazi ameyakariri kwa ajili ya usaili. Linalokosekana ni kujua kila hatua inaahidi nini na haiahidi nini, na hapo ndipo programu nzuri hujitenga na mbovu.

Chukua onPause. Wengi huamini kwamba kisanduku chochote kinachotokea juu ya skrini huisababisha. Sivyo. Kisanduku cha onyo cha programu yenyewe, kile cha "una uhakika unataka kutuma?", hakiigusi aktiviti hata kidogo, kwa sababu kiko ndani yake. Kuvuta pazia la arifa kutoka juu nako hakuigusi. Lakini kisanduku cha mfumo kinachoomba ruhusa ya kamera ni skrini nyingine kabisa, na kikitokea, skrini yako husimamishwa. Ndiyo maana msanidi anayeanza upya kupakua data kila onResume hushangaa kuona seva yake inaulizwa mara mbili mteja anapokubali ruhusa tu. Anayelipa ni mteja, kwa bando lake.

Tena onPause ni hatua fupi sana. Skrini ya pili inapofunguliwa juu ya ya kwanza, mpangilio ni huu: ya kwanza hupitia onPause, kisha ya pili hupitia onCreate, onStart na onResume, ndipo ya kwanza hufikia onStop. Maana yake ni kwamba ukiweka kazi nzito kwenye onPause, tuseme kuandika orodha ndefu ya miamala kwenye hifadhi, unaichelewesha skrini inayofuata. Mtu amebonyeza kitufe na hakuna kinachotokea. Anabonyeza tena na tena. Simu nyingi zinazolaumiwa kwamba "zinaganda" hazina kosa. Kazi ya namna hiyo mahali pake ni onStop, na hata huko iende kwenye uzi wa pembeni, isizuie mchoro wa skrini.

Halafu kuna onDestroy, ambayo huwadanganya wengi kuliko zote. Jina lake linafanya mtu adhani kwamba ndipo mahali pa kuaga: hapo nitahifadhi, hapo nitafunga kila kitu. Mfumo haukuahidi kwamba onDestroy itaitwa. Unapoua mchakato kwa kukosa nafasi, hausubiri neno la mwisho. Msimbo hukatika pale ulipo. Tangu Android 3.0 ya mwaka 2011 ahadi iliyopo ni kwamba programu haiuawi kabla onStop ya skrini yake haijamalizika. Ulichokihifadhi kufikia hapo ndicho ulichonacho. Ulichopanga kukihifadhi baadaye hesabu kwamba kimepotea.

Nani hufa kwanza? Mfumo hupanga michakato kwa daraja. Ya juu kabisa ni ile ambayo mtu anaitumia sasa. Inafuata inayoonekana ingawa haiguswi, kisha inayofanya kazi anayoijua mtu, kama kucheza muziki huku arifa yake ikionekana juu. Chini kabisa zipo zilizoachwa kwenye kumbukumbu kwa matumaini tu kwamba mwenye simu atazirudia. Hizi ndizo huanza kuondoka, hasa zilizokaa muda mrefu bila kuguswa. Kwa hiyo programu ya akiba ambayo sekunde kumi zilizopita ilikuwa daraja la kwanza, mteja akifungua meseji hushuka hadi chini. Kwenye simu ya GB 8 inaweza kukaa hapo siku nzima. Kwenye simu ya GB 2 inaweza isimalize dakika. Na zile simu zinazotangazwa kuwa na RAM ya ziada huazima sehemu ya hifadhi ya kawaida, ambayo ni ya polepole. Zinasaidia kidogo, lakini hazimwondolei msanidi wajibu wake.

Hapa kuna jambo ninaloomba lieleweke vizuri, maana ndilo linalozaa ajali nyingi. Mfumo unapokosa nafasi hauui skrini moja moja. Unaua mchakato mzima, pamoja na kila kitu kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake. Lakini mfumo wenyewe hubaki na daftari: skrini zipi zilikuwa zimefunguliwa na kwa mpangilio gani, picha ya skrini ya mwisho, na kifurushi kidogo cha data ambacho kila aktiviti iliandika kwenye onSaveInstanceState. Mtu akifungua orodha ya programu za karibuni anaiona ile picha. Anaamini programu ipo hai. Anaigusa. Mfumo unaanzisha mchakato mpya na kumrudisha moja kwa moja kwenye skrini aliyokuwapo, si kwenye skrini ya kwanza.

Sasa tazama msimbo unaoandikwa kila siku. Mteja anaingia kwa namba yake ya siri kwenye skrini ya kwanza. Programu inaweka taarifa zake kwenye kigezo kimoja cha jumla ambacho skrini zote hukisoma. Skrini ya pili inaonyesha salio, ya tatu ni ya kutuma fedha. Wakati wa majaribio kila mtu hupita ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kigezo kina thamani siku zote. Mchakato ukiuawa mteja akiwa kwenye ya tatu, akirudi anaanzia ya tatu. Ya kwanza haikupitiwa, kwa hiyo kigezo kiko tupu. Skrini inauliza jina la mteja, inapata patupu, na programu inafungwa ghafla machoni pake. Kwenye ripoti za ajali hitilafu hii huonekana kama fumbo: inatokea kwa maelfu ya watu, na ofisini hakuna anayeweza kuirudia. Nimeona timu ikiifunika kwa kuweka ukaguzi wa patupu kila mstari. Programu iliacha kufa, ikaanza kuonyesha "Habari," bila jina na salio la sifuri. Kwa mtu mwenye fedha zake humo, salio la sifuri ni hofu kubwa kuliko programu kufunga.

Dawa yake ni kujua kila data inakaa wapi na kwa muda gani. Kuna data ya kupita, kama mahali orodha ilipokuwa imesogezwa au kisanduku kilichokuwa kimechaguliwa. Hii huingia kwenye kile kifurushi cha onSaveInstanceState. Sehemu yake hujihifadhi yenyewe: kisanduku cha kuandikia chenye kitambulisho chake kwenye mpangilio wa skrini hurudisha maandishi bila msanidi kuandika hata mstari mmoja. Kisicho na kitambulisho hakirudishi. Nusu ya fomu zinazopoteza nusu ya majibu nimekuta sababu ni hiyo tu. Mtu alisahau kuandika id. Lakini kifurushi hicho ni kidogo. Njia kinayopitia kwenda kwenye mfumo ina ukomo wa MB 1, tena hiyo inagawanwa na mawasiliano mengine yote ya mchakato. Anayejaribu kupitisha picha ya kitambulisho humo anaiua programu yake kwa mkono wake mwenyewe. Weka humo namba ya muamala, usiweke muamala.

Kuna data ya skrini inayopatikana kwa gharama, kama orodha iliyopakuliwa kutoka kwenye seva. Kwa ajili ya data hiyo Google ilileta ViewModel mwaka 2017, na tangu hapo nimeona kosa jipya likizaliwa. ViewModel hubaki hai skrini inapovunjwa na kuundwa upya kwa sababu simu imezungushwa. Haibaki mchakato unapouawa. Msanidi anazungusha simu, anaona data ipo, anahitimisha kwamba amemaliza. Amemaliza nusu. Kwa nusu ya pili kuna SavedStateHandle, ambayo huweka kiasi kidogo cha data ya ViewModel kwenye kile kifurushi cha mfumo. Wanaojenga skrini kwa Jetpack Compose wanao mtego huo huo kwa jina jingine: remember husahau skrini ikiundwa upya, rememberSaveable hukumbuka.

Na kuna data ambayo ni kazi ya mtu. Tarakimu 20 za NIDA alizozisoma kwenye kadi chini ya taa hafifu ni kazi yake. Barua aliyoiandika nusu ni kazi yake. Hii isiachwe kwenye kumbukumbu wala kwenye kifurushi. Iandikwe kwenye hifadhidata ya simu kila anapomaliza kisanduku kimoja, na ikiwa nyeti isimbwe. Kifurushi cha mfumo hutupwa mtu akiifuta programu kwenye orodha ya karibuni, au betri ikiisha simu ikazima. Rasimu iliyo kwenye hifadhi inabaki.

Nimetaja kuzungusha simu. Kwa kawaida Android huivunja aktiviti na kuiunda upya simu inapozungushwa, ili iweze kupanga mpangilio unaofaa upana mpya. Wasanidi wengi huona hilo ni usumbufu na kulimaliza kwa kufungia skrini wima. Siwalaumu wenye programu ya kamera au mchezo, lakini kama dawa ya kupoteza data hiyo ni dawa bandia. Skrini huundwa upya pia mtu anapowasha mandhari meusi jioni, anapokuza maandishi kwa sababu macho yamechoka, anapogawa skrini mara mbili. Na kuna moja linalotuhusu sisi zaidi: anapobadili lugha. Tangu Android 13 ya mwaka 2022 mtu anaweza kuchagua lugha ya programu moja moja. Mzazi anafungua fomu kwa Kiingereza, anakwama kwenye swali la nne, anabadili kwenda Kiswahili ili aelewe, na majibu matatu ya mwanzo yanafutika. Yaani programu imemwadhibu kwa kutaka kuelewa. Zaidi ya hapo, kwa programu zinazoilenga Android 16 ya mwaka 2025 mfumo hauheshimu tena kufuli la wima kwenye skrini kubwa kama za tableti. Mlango wa kujificha unafungwa.

Mfano mgumu kuliko yote ni wa kamera. Kila programu ya fedha sasa inataka picha ya kitambulisho. Njia ya kawaida ni kuiita programu ya kamera ya simu: tengeneza jina la faili, liweke kwenye kigezo, fungua kamera, subiri jibu. Kamera ni miongoni mwa programu zinazokula kumbukumbu nyingi kwenye simu, na inaikula saa ile ile ambayo programu yako imeshuka daraja. Kwenye simu ndogo, kumwita mpiga picha ni sawa na kujitia kitanzi. Mteja anapiga picha, anabonyeza sawa, mfumo unaiunda upya skrini yako na kuikabidhi jibu kwa uaminifu: picha imepigwa. Skrini inauliza, picha ipi? Jina la faili lilikuwa kwenye kigezo, na kigezo kilikufa na mchakato. Faili ipo kwenye hifadhi, hakuna anayejua inaitwaje. Mteja anaona duara la kijivu pale picha yake ilipopaswa kukaa. Mstari mmoja wa kuhifadhi hilo jina kabla ya kufungua kamera ungetosha.

Kwenye malipo mambo huwa mazito zaidi. Mtu amebonyeza Lipa. Ombi limeondoka, mtandao unasuasua, simu inaita, anapokea. Wakati anaongea mchakato unauawa. Akirudi anakuta skrini ya malipo kama alivyoiacha, na kitufe cha Lipa kinang'aa. Amelipa au hajalipa? Programu haijui. Anabonyeza tena, na fedha zinatoka mara mbili. Watumiaji wetu walishazoea menyu ya fedha ya *150*00#, ambapo ukichelewa kujibu kikao kinakatika na unajua umekatika. Programu inayorudisha skrini nzuri yenye taarifa ya zamani ni ya hatari zaidi, kwa sababu inamwaminisha mtu jambo lisilo kweli. Sahihi ni kutengeneza namba ya kipekee ya muamala ndani ya simu kabla ombi halijaondoka, kuiandika kwenye hifadhi, kisha kuituma pamoja na ombi. Seva ikiiona namba hiyo mara ya pili isilipe tena. Irudishe jibu la mara ya kwanza. Na skrini ikizaliwa upya, kabla haijaonyesha kitufe, isome hifadhi na kuiuliza seva: namba hii imefikia wapi? Kazi ya kupeleka isitegemee skrini kabisa. WorkManager, ambayo toleo lake thabiti la kwanza lilitoka mwaka 2019, iliundwa kwa ajili ya kazi ambazo lazima zimalizike hata kama mtu ameondoka na simu imewashwa upya.

Ile picha ya mwisho inayobaki kwenye orodha ya programu za karibuni nayo isipuuzwe. Programu ya benki ikiachwa kwenye skrini ya salio, salio hilo linaonekana kwa yeyote anayepitia orodha hiyo: mtoto anayeazima simu kucheza, fundi anayebadilisha kioo. Kwenye Android kuna alama iitwayo FLAG_SECURE inayozuia picha hiyo isionyeshe kilichomo. Kwenye iPhone, ambako mfumo hupiga picha programu inapokwenda nyuma, msanidi anatakiwa kufunika skrini mwenyewe kabla picha haijapigwa. Hii ni kazi ya dakika chache, na programu za fedha zisizoifanya bado zipo.

Kwa upande wa Apple mantiki ni ile ile ingawa majina ni mengine. Programu huwa haijaanza, huwa mbele bila kuguswa, huwa hai, huwa nyuma, au huwa imegandishwa. Inapokwenda nyuma hupewa kama sekunde tano za kumalizia, na inayohitaji zaidi huomba. Ikishagandishwa haitekelezi chochote, na kumbukumbu ikihitajika huondolewa bila taarifa. Tangu iOS 13 ya mwaka 2019 programu moja inaweza kuwa na madirisha kadhaa kwenye iPad, kila moja na maisha yake, kwa hiyo msimbo uliodhani kuna skrini moja tu ya mbele ulibidi uandikwe upya. Kwa soko letu, ambalo simu nyingi ni Android za bei nafuu, Apple ni sura fupi. Ila anayejifunza kuandika rasimu mapema kwa ajili ya Tecno ataiandika vizuri kwa iPhone pia.

Neno kwa wenye simu. Tumejenga mazoea ya kufagia programu zote kwenye orodha ya karibuni kila baada ya muda, tukiamini tunaipumzisha simu. Mwaka 2016 Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, alijibu barua pepe ya mteja aliyeiuliza kampuni hiyo kama kiongozi wake hufanya hivyo mara kwa mara na kama ni lazima kwa ajili ya betri; jibu lake lilikuwa hapana kwa yote mawili. Programu iliyobaki kwenye kumbukumbu hurudi haraka kwa sababu imeshajengwa. Iliyofagiwa hujengwa upya kuanzia mwanzo, na ujenzi huo unakula betri. Ifagie programu iliyoganda au inayosumbua. Nyingine ziachie mfumo, ndiyo kazi yake. Ninaelewa hata hivyo kwa nini watu hawauamini: wamepoteza fomu nyingi mno.

Wanaosimamia miradi nao wana sehemu yao. Kampuni hununua programu kwa kutazama maonyesho kwenye simu ya muuzaji, chumba chenye kiyoyozi na Wi-Fi ya kasi. Hapo kila skrini inapendeza. Mkataba hautaji popote kwamba mteja akitoka na kurudi, kazi yake iwe ipo. Sharti hilo liandikwe, lijaribiwe kwenye simu ya GB 2 ya aina inayouzwa Kariakoo, na malipo ya mwisho yasubiri lipite.

Kulijaribu hakuhitaji maabara. Kwenye mipangilio ya simu, gusa namba ya muundo (Build number) mara 7 na chaguo za wasanidi zitafunguka. Humo kuna chaguo linaloiambia Android isiihifadhi aktiviti yoyote mtu anapotoka. Liwashe, kisha tumia programu yako siku nzima kama mteja. Hilo huvunja skrini tu. Ili kuua mchakato wenyewe, irudishe programu nyuma kwa kitufe cha Home, kisha kwenye kompyuta andika adb shell am kill pamoja na jina la paketi ya programu (package name), halafu uirudie kupitia orodha ya karibuni.

Kwa hiyo, msanidi mwenzangu, kabla hujatoa toleo lijalo tafuta fomu ndefu kuliko zote katika programu yako. Ijaze hadi katikati, iue programu, kisha rudi. Kama ulichoandika hakipo, toleo hilo lisitoke.